Vyote Vilivyomo Ndani ya Uzio

Jina la nchi yetu silitaji. Msidhani naogopa, mimi hata mkwe wangu nilimwambia ukweli wake siku ya harusi, mbele ya watu na pilau mkononi. Silitaji kwa sababu jina nalo lilikodishwa mwaka juzi kwa kampuni ya maji ya chupa, na mwananchi akitaka kulitamka hadharani inambidi aombe kibali wiki mbili kabla. Kwa hiyo nitasema "kwetu" tu, na nyinyi mtajua wenyewe ni wapi. Na kama ni kwenu pia, basi poleni.

Mimi naitwa Mama Chokaa. Jina hilo nilipewa na wachezaji, maana kwa miaka ishirini na miwili nimepiga mistari ya chokaa katika uwanja wa mji wetu, Uwanja wa Jasho. Tuliujenga wenyewe kwa msaragambo, kila nyumba ikaleta karai lake na mabega yake. Kazi ya mistari niliirithi kwa marehemu mume wangu, Shomvi, pamoja na kamba yake ya katani yenye mafundo mawili mekundu. Fundo moja lapima kona, la pili lapima sehemu iliyonyooka. Ukiizungusha kamba ile sawasawa unapata njia ya kukimbilia ya mita mia nne kamili, haizidi wala haipungui ukucha. Kila jioni narudi nayo nyumbani, naianika pamoja na kanga zangu. Mimi si mtu wa kushuku watu. Ila watu wanaiba.

Halafu tulikuwa na desturi yetu ya Jumamosi. Asubuhi na mapema wanawake wa mji tulivua viatu, tukajipanga bega kwa bega kutoka goli hadi goli, tukaukanyaga uwanja mzima polepole. Msumari, mwiba, kigae cha chupa, hakuna kilichopona, maana unyayo unaona kuliko jicho. Aliyechomwa alipiga kelele, akakiokota, tukamcheka, tukaendelea. Tulianza mwaka ule kipa mmoja alipochanwa na kioo akashonwa nyuzi kumi na moja. Tangu hapo hakuna mtu aliyeumia pale, na hakuna serikali iliyotuuliza tunalipwa na nani.

Sasa, katika nyumba yangu kuna binti anaitwa Zawena. Mama yake alikuwa jirani yangu, alipofariki nikamchukua. Zawena anakimbia mita mia nane, yaani mizunguko miwili. Barua ilikuja kutoka Michezo ya Majirani, ya nchi tunazopakana nazo: msichana yeyote wa chini ya miaka ishirini atakayekimbia chini ya dakika mbili na sekunde tano, mbele ya mwamuzi wao, ataitwa. Mwamuzi angefika kwetu tarehe ishirini na nane ya mwezi wa nane, asubuhi moja tu. Zawena alikuwa amefikia mbili na sita, na mwezi wa kumi alikuwa anatimiza ishirini. Alibakiza sekunde moja na ushei, na nafasi moja. Barua ile aliibandika juu ya kitanda chake kwa ubwabwa.

*

Mwezi wa tano Waziri akaja kuukabidhi uwanja kwa mwendeshaji binafsi.

Tulikuwa tumesimama nje kama kawaida yetu ya kutazama misafara, lakini siku hiyo kipaza sauti kilitubembeleza. "Ingieni ndani, wananchi! Ingieni wote! Soda za bure ziko ndani!" Tukaingia. Kisha lango likafungwa, wakasema ni kwa usalama wetu. Kijana mmoja wa miwani alikuwa amesimama langoni na daftari, anatuhesabu mmoja mmoja. Nikadhani anahesabu soda.

Mheshimiwa Daktari Gaudensi Mkwaruzo, Waziri wa Michezo, Utulivu na Majengo, akapanda jukwaani. Alikuwa na tumbo lililomtangulia na suti iliyomfuata.

"Ndugu wananchi," akasema, "wataalamu wetu wamefanya utafiti wa kina kwa miaka minne, katika nchi saba na hoteli kumi na nne. Wamegundua kwamba viwanja vya umma vinaharibika. Tukawauliza: vinaharibiwa na nini? Wakatujibu kitaalamu: vinaharibiwa na michezo."

Makofi yakapigwa na wale waliopewa fulana mpya.

"Pasipochezwa, nyasi zinaota. Panapochezwa, nyasi zinakufa. Je, serikali inayojali uhai isimame upande gani?"

"Upande wa nyasi!" wakaitika wenye fulana.

Akatia saini pale pale jukwaani. Ikabaki saini ya mwendeshaji, na mwendeshaji hakuwamo. Nje ya uzio palikuwa na gari jeusi, vioo vimepandishwa, injini inanguruma taratibu. Mkataba ukachukuliwa chini ya mwavuli, wakati hapakuwa na mvua wala jua, ukapitishwa kwenye mlango mdogo hadi garini. Kioo kikashuka kiasi cha kiganja. Ukatoka mkono wenye pete, ukaandika, ukarudi ndani. Mpaka leo sijui mkono ule una mwili gani.

"Mama," Zawena akaninong'oneza, "mbona haingii?"

"Labda anaogopa vumbi."

"Vumbi lenyewe limemwagiwa maji tangu alfajiri."

Nikamwambia anywe soda yake anyamaze. Lakini mimi mwenyewe soda ile sikuimaliza.

*

Mwendeshaji aliitwa Kampuni ya Utunzaji Kamili. Meneja wake, Bwana Ladislausi, alikuwa mpole mno, kila akishika kitasa anakifuta kwa leso. Siku ya kwanza aliweka ubao langoni umeandikwa UFANISI WA UWANJA LEO. Wakati huo tulikuwa na mechi nne kwa wiki, netiboli ya wanawake, michezo ya shule na Zawena anayezunguka kila alfajiri. Ubao ukasema asilimia thelathini na moja. Tuliona aibu, wallahi. Tulikuwa hatujui kama tuko chini hivyo.

Bwana Ladislausi akaanza kutuinua. Wachezaji wakavuliwa viatu vyenye njumu, wakacheza na soksi, ubao ukapanda hadi arobaini na nane. Timu zikapunguzwa zikawa watu watano kwa watano, baadaye nahodha kwa nahodha, ukafika sitini na tano. Ikagundulika kuwa mpira ukidunda unaumiza udongo. Mpira ukaondolewa, tukaruka hadi themanini! Ligi ikaendelea kwa barua. Timu yetu ilifungwa mbili bila kwa njia ya posta, tukaandika kulalamika, refa akatutumia kadi nyekundu kwenye bahasha.

Wakaja kwenye desturi yetu ya Jumamosi. Bwana Ladislausi alipiga hesabu, akasema wanawake sitini ni tani nne za uzito, na uwanja haukuumbwa kubeba tani nne. Tukatolewa. Viti vikafungwa nailoni. Njia ya kukimbilia ikazungushiwa utepe, Zawena akaambiwa asubiri maelekezo. Ubao ukasema tisini na tisa. Asilimia moja iliyobaki ilikuwa kunguru, nao wakatafutiwa mlinzi.

Mlinzi huyo alikuwa Masunga, yule yule kipa wetu wa zamani aliyeshonwa nyuzi kumi na moja. Alimaliza darasa la saba akiwa wa kwanza wilaya nzima, na ukimpa tangazo la kurasa tatu analimaliza kwa pumzi moja. Kampuni ilimpa kofia, filimbi na kitabu cha utaratibu. Tangu hapo salamu yake ikawa fupi.

Mwezi wa nane ulipoanza, Uwanja wa Jasho ukapewa Kikombe cha Uwanja Bora wa kanda nzima. Kikombe kikawekwa katikati ya uwanja, ndani ya sanduku la kioo. Ndicho kitu pekee kilichokuwa kinashinda pale.

*

Maelekezo hayakuja. Tarehe kumi na tisa tukaenda wenyewe ofisini.

"Shikamoo, Bwana Meneja," akasema Zawena.

"Marahaba. Simama kwenye zulia, binti, sakafu imepigwa dawa."

Zawena akaeleza. Alisema haombi uwanja, anaomba dakika mbili. Na sekunde nne juu yake, akipungukiwa pumzi. Bwana Ladislausi alimsikiliza vizuri sana, akafungua faili la bluu, akateremsha kidole. "Nguzo za goli, nne. Nyavu, mbili. Chokaa, mifuko kumi na miwili. Ndoo... Wewe ndiye Zawena Mfaume? Aa, umo! Namba themanini na saba. Msichana, mmoja. Miguu, miwili. Hali: nzuri sana." Akatabasamu kwa fahari. "Hongera."

"Nimo wapi?"

Akatusomea mkataba. Mwendeshaji anakabidhiwa uwanja pamoja na vyote vitakavyokuwamo ndani ya uzio wakati wa kutiwa saini. Nikakumbuka soda. Nikakumbuka lango, na daftari, na mkono uliotoka garini bila mwili. Loo! Tulihesabiwa kama kuku wa mnadani, na chupa za soda tukarudisha wenyewe kwa adabu.

"Na mimi?" nikauliza.

"Themanini na nane. Mwanamke mtu mzima, mmoja. Hali: ana maneno."

Nilikuwa na la kumjibu, lakini ningempa ushahidi.

"Sasa mtaona ugumu wangu," akaendelea kwa huruma. "Mali haiwezi kuachiwa ichakaze mali nyingine. Binti akikimbia, njia inachakaa, na miguu inachakaa. Hasara mara mbili! Kuanzia leo themanini na saba atatembea tu. Popote alipo."

"Na wewe mwenyewe u namba ngapi, Bwana Meneja?" nikamuuliza.

"Mimi siku ile nilikuwa garini," akasema, akafuta kitasa, akatufungulia mlango.

Tangu siku hiyo Masunga akaacha kunguru, akawa anamfuata Zawena. Mvua ilimkuta binti akitoka dukani na unga, akaharakisha, filimbi ikalia.

"Themanini na saba! Mwendo!"

"Kaka Masunga, mvua inanyesha, unga unalowa."

"Kulowa hakumo kwenye kitabu cha uchakavu. Kukimbia kumo."

Zawena alifika nyumbani ameloa chapachapa, akakaa jikoni kando ya jiko, hata nguo hakubadili. "Mama," akasema, "miguu inaniwasha. Nikilala naota nakimbia, nikiamka naona aibu kama mtu aliyeiba." Nilimshika kichwa nikamlaza mapajani.

*

Tarehe ishirini na saba, siku ya Jumanne, nikamwambia avae vizuri tuende wizarani. Faili la bluu lina nakala, na karani wa kampuni ni mtoto wa shoga yangu. Zaidi ya hapo msiniulize.

Mheshimiwa alitupokea akila korosho. Alituambia serikali inawapenda sana wanariadha, hasa wakiwa wametulia. Alituambia taifa lisilo na subira haliwezi kufika mbali kwa haraka. Nikamwacha aseme mpaka bakuli likaisha, kisha nikamwekea karatasi mezani.

"Mheshimiwa, tusomee na sisi. Anzia juu."

Akavaa miwani. "Namba moja," akasoma kwa sauti ile ya jukwaani. "Waziri, mmoja. Uzito: mkubwa. Hali: kuukuu kiasi, anafaa kwa..." Sauti ikashuka. "Anafaa kwa sherehe."

Akavua miwani, akaifuta kwa tai.

"Mimi?" akasema. "Mimi nilikuwa mgeni rasmi!"

"Ulikuwa ndani ya uzio, Mheshimiwa. Tena jukwaani, unaonekana vizuri."

Nimeishi miaka hamsini na minne sijawahi kuona serikali ikienda mbio namna ile. Bwana Ladislausi akapigiwa simu, akasikitika, akaeleza kwamba mali hutoka kwenye orodha kwa njia moja tu, nayo ni kuchakaa. Nusu saa haikupita, pikipiki ikaleta fomu. Ilikuwa ya rangi ya waridi, imeandikwa HATI YA UCHAKAVU. Mheshimiwa hakuisoma, aliinama akasaini. Mimi niliisoma kichwa chini miguu juu, ng'ambo ya meza: Waziri huyu amechakaa, na kuanzia tarehe ya leo hafai tena kwa matumizi ya umma. Akaigonga muhuri wake mwenyewe, akajifuta jasho.

"Sasa mimi ni mtu huru," akasema. "Tuendelee na kazi."

"Na Zawena?"

"Ah, rahisi! Naye ajaze hii hii." Akamsogezea kalamu. "Utaandika kwamba umechakaa, hufai kukimbia. Nakala zitapelekwa kwa vyama vyote vya riadha, usije ukatumiwa kwa makosa."

Zawena akaivuta fomu, akaisoma. "Nikisaini sitakimbia," akasema. "Nisiposaini sitakimbia."

"Ndiyo uzuri wa utaratibu, mwanangu. Unakupa uhuru wa kuchagua."

Akairudisha kalamu mezani polepole, akaamkia, akatoka. Alilia kwenye ngazi, ghorofa zote tatu. Nami nilikasirika mpaka meno yakauma.

*

Tulipopita langoni kwa Uwanja wa Jasho nikaona kitu cha waridi kwenye ubao wa matangazo. Mtajua kwamba sheria ya kwetu inataka mali ya umma iliyochakaa itangazwe siku saba, mwenye pingamizi alilete. Na kampuni haivunji sheria hata kidogo, kila kitu inakifanya kisheria, ndiyo maana nywele zinanisimama. Walikuwa wamemtangaza Waziri, kati ya ndoo mbovu na fagio. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikambandua.

Nikafika nyumbani nikakuta kamba ya Shomvi inapunga upepo kati ya kanga zangu. Nikasimama. Siku ile ya soda kamba hii ilikuwa wapi? Ilikuwa hapa hapa, imeanikwa, nje ya uzio! Haina namba. Kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu nikacheka mwenyewe, na Zawena akatoka ndani kuangalia kama nimerukwa na akili.

Nikapita nyumba kwa nyumba. Alfajiri ya tarehe ishirini na nane wanawake sitini tulikuwa kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe, ambao hutumika Alhamisi tu na hakuna mtaalamu aliyewahi kuutamani. Tukavua viatu, tukajipanga bega kwa bega, tukakanyaga. Loo, siku hiyo tulikanyaga mambo! Misumari, mifupa, pembe, na samadi ya moto na ya baridi. Tuliokota ndoo tatu. Chokaa ilikuwa mali ya kampuni, kwa hiyo kila mtu alileta majivu ya jikoni kwake, nami nikazungusha kamba nikapiga mstari. Zawena alikuwa pembeni anajinyoosha, midomo imemkauka.

Mwamuzi wa Majirani, Bwana Chisomo, mtu mwembamba wa maneno machache, alifikia kwanza Uwanja wa Jasho kama barua ilivyosema. Bwana Ladislausi akamwonyesha kikombe. Akamwonyesha nyasi, akamruhusu kuzinusa.

"Wakimbiaji wako wapi?" akauliza mgeni.

"Uwanja huu umefikia kiwango cha kutohitaji wakimbiaji," akajibiwa.

Nilikuwa langoni namsubiri. Nikamleta mnadani. Akatazama majivu, akatazama miguu yetu, hakucheka. Akatoa tepu yake ya chuma akapima mzunguko mzima, akarudia mara ya pili.

"Mia nne kamili," akasema. "Nani aliipima kamba hii?"

"Mume wangu."

"Yuko wapi nimpe mkono?"

"Umechelewa miaka ishirini na miwili, baba."

Akavua kofia, akaivaa tena. "Sheria yetu inataka njia tambarare ya mita mia nne na mkimbiaji. Haisemi habari ya viti." Akatoa saa yake ya kupimia. Nchi nzima tulikuwa na wasichana watatu wa mita mia nane, na wawili walishajaza fomu ya waridi kwenye viwanja vya kwao. Zawena akasimama peke yake kwenye mstari.

Hapo ndipo filimbi ya Masunga ilipolia. Alikuja anahema, karatasi mkononi.

"Simamisha! Themanini na saba haruhusiwi! Amri ya Waziri, ina saini na muhuri, imetolewa leo saa moja asubuhi!"

Zawena alinitazama. Sitayasahau macho yale. Nikaingiza mkono kifuani, nikatoa karatasi ya waridi.

"Masunga, mwanangu, wewe ni mtu wa utaratibu. Kabla hujatekeleza hiyo, soma hii ya jana."

Masunga akaipokea. Akamtazama Zawena pale mstarini, akatazama miguu yetu iliyojaa samadi, kisha akatazama mguu wake mwenyewe, ule wa nyuzi kumi na moja. Bwana Chisomo, ambaye mambo yetu hayakumhusu, akainua mkono akaushusha. Zawena akachomoka mbio.

"Ha... ti," akaanza Masunga. "Ha-ti... ya..."

Nikamkodolea macho. Huyu ndiye wa kwanza wilaya nzima!

"U... cha... Mama, hii herufi ni gani?"

"Ni K, baba."

"Ahaa. K. Zamani nilikuwa naijua."

Zawena alipita mbele yetu mzunguko wa kwanza, na upepo wake ukaipeperusha ile karatasi. Bwana Chisomo akasema, "Sitini na moja." Masunga akainyoosha karatasi kwa uangalifu, akaanza upya tangu mwanzo, kwa sababu utaratibu unataka hivyo. Alisoma neno "Waziri" mara mbili. Aligeuza nyuma kutafuta ukurasa wa pili, ambao haukuwapo. Wanawake walikuwa wanapiga vigelegele na kulia kwa pamoja, na mimi nilikuwa naita, "Kaza, mama! Kaza!" huku nimemshika Masunga mkono mpaka kucha zikamwingia. Zawena alikuja kwenye kona ya mwisho mdomo wazi, kichwa nyuma, majivu yanaruka. Akaukata mstari akaanguka kifudifudi.

"...ya... um-ma," akamalizia Masunga. Akanyoosha mgongo, akapiga saluti. "Ni kweli. Saini ya leo ni ya waziri aliyechakaa jana. Hii amri haifai. Itabidi nirudi nikaombe nyingine." Kisha akashusha sauti. "Ngapi?"

"Dakika mbili, sekunde tatu na nukta nane," akasema Bwana Chisomo.

"Mali iko katika hali nzuri," akasema Masunga. Akanirudishia karatasi ya waridi, akageuka akaondoka kwa mwendo wa pole sana, na alikuwa anajifuta macho kwa kofia ya kampuni.

Zawena alivuka mpaka mchana ule ule ndani ya gari la mwamuzi, viatu vyake vimening'inia shingoni. Amri mpya ilifika jioni. Tuliipokea kwa heshima, tukaifungia vitumbua.

*

Zawena alishika nafasi ya tatu. Tulisikia kwenye redio, na kesho yake ubao wa kampuni ukasema Uwanja wa Jasho umezaa bingwa, ufanisi asilimia mia moja na ishirini. Haya, na sisi tukapiga makofi. Utafanyaje?

Aliporudi na medali yake tuliendelea na mnada wetu: Alhamisi ng'ombe, Jumamosi nyayo, siku nyingine zote watu. Timu zikarudi na mpira wao. Watoto wakaanza kuja alfajiri kumfuata Zawena mbio, wengi mpaka nikawa naongeza majivu kila siku. Ndipo Mheshimiwa naye akasikia, maana baada ya kuchakaa alibaki ofisini kwake kama kawaida.

Akaja Jumamosi moja na msafara. Akasimama katikati ya uwanja wa mnada, kipaza sauti mkononi.

"Nimeguswa!" akasema. "Nimeguswa mpaka mifupani! Njooni, wananchi, sogeeni! Ingieni ndani ya mstari tuwe pamoja! Soda zimekuja!"

Watu wakaingia. Kiu ni kitu kibaya. Na mimi nilikuwa naingia, mguu mmoja umeshavuka, ndipo nilipomwona kijana wa miwani. Alikuwa amesimama nje, ncha za viatu vyake zinagusa majivu, daftari limefunguliwa. Nyuma yake, kando ya zizi, gari jeusi lilikuwa linanguruma taratibu, vioo juu.

Sikupiga kelele. Kelele ingeandikwa. Nilivua viatu tu, nikavishika mkononi. Zawena akaniona, akatazama nilikotazama, akavua vyake. Mwanamke wa pili akaona, na wa tatu. Tukajipanga bega kwa bega kama tunavyojipanga siku zote, na safari hii tulichokuwa tunakiondoa uwanjani ni sisi wenyewe. Tukatembea polepole, tukawasukuma waume zetu na watoto wetu mbele yetu, tukauvuka mstari wote hadi mtu wa mwisho. Masunga, ambaye alikuja na msafara kulinda soda, alikuwa wa mwisho. Nje ya mstari akageuka, akasimama mguu pande.

"Wananchi!" Mheshimiwa akaita, peke yake katikati ya uwanja. "Rudini! Soda zinapata moto!"

Garini, kioo kilishuka kiasi cha kiganja, mkono wenye pete ukatoka na kalamu, ukasubiri. Kijana wa miwani akainua kidole chake, akahesabu, akahesabu tena. Akaandika. Nikasogea nikachungulia daftari: Namba moja. Waziri, mmoja. Akakwama hapo, akanigeukia.

"Samahani, mama. Hali yake niandikeje?"

"Usijisumbue, baba," nikamwambia. "Hati yake ninayo nyumbani."